Toka Pua Hadi Mkia

Baba yangu alikufa watu wakimwita mwongo, na sababu ilikuwa farasi.

Wengine wakisimulia habari za farasi huyo, Tall Reuben, huanza na zile mbio za Louisville, jinsi alivyoingia kona ya mwisho akiwa wa nyuma kabisa, matope yamemjaa hadi masikioni, halafu akaanza kuwapita wenzake mmoja baada ya mwingine bila papara, kana kwamba wao wamesimama. Mbio hizo nazijua. Kila mtu hapa Kentucky anazijua, na hata waliozaliwa baadaye watakusimulia kama vile walikuwepo uwanjani wameshika tiketi mkononi. Mimi nilizisikiliza redioni, jikoni kwetu, na mama aliungua mkono kwa mafuta ya kuku kwa sababu ya kurukaruka. Sikatai, farasi alikuwa farasi. Lakini mimi mambo ya farasi siyawezi. Nimetengeneza nywele za wanawake wa Lexington maisha yangu yote, na katika wanyama wote wa dunia hii ni mmoja tu niliyemchukia kwa jina lake.

Nilimchukia kwa wivu, niseme ukweli. Baba, Elzie Maupin, ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Alimpokea akiwa mtoto, akasafiri naye kila uwanja wa mbio, na Reuben alipostaafu na kurudi kwenye shamba la Bwana Hallam, baba naye akarudi pamoja naye. Krismasi ilimkuta bandani. Mimi nikiwa na homa alinitazama mlangoni, akaniambia nilale; Reuben akikohoa mara moja, baba alihama nyumbani wiki nzima.

Kila Jumapili, kanisa likiisha, wageni walikuwa wakija kumwona. Walitoka Ohio, Tennessee, wengine hata Kanada. Baba alivaa shati safi, akamtoa Reuben nje kwa kamba, akasubiri watu wanyamaze. Kisha alivua kofia yake kwanza, na wanaume wote nao wakavua zao, mabwana wenye mashamba na madereva wa malori pamoja. Hapo ndipo aliposema, "Mabibi na mabwana, huyu hapa." Basi. Hakuongeza neno. Nakumbuka mwanamke mmoja mnene, amevaa kofia ya maua, alilia mpaka rangi ya macho ikamchirizika mashavuni. Nilimuuliza baba njiani kurudi nyumbani yule mama analia nini, farasi si anakula majani tu pale?

"Reuben alikuwa wa mwisho kabisa, Netta," baba akaniambia. "Na akaja, akawapita wote. Wengi wa hawa wanaokuja kumwona, pale nyuma ndiko waliko mpaka leo."

Sikumwelewa. Nilikuwa na njaa.

Sasa kuna desturi yetu moja ambayo lazima niiseme. Farasi bingwa akifa hapa hazikwi mzima. Anazikwa kichwa, moyo na kwato: kichwa kwa sababu ya akili yake, moyo kwa sababu ya ushujaa, kwato kwa sababu ya mwendo. Kilichobaki kinachukuliwa na lori, na hakuna anayeuliza lori linaelekea wapi. Kuzikwa mzima ni heshima ya wachache mno, wale ambao wazee wakiwataja hupunguza sauti. Na watu wa huku huulizana jambo hilo kuhusu kila bingwa, kama kwingine wanavyouliza marehemu ameacha watoto wangapi.

Tall Reuben alikufa mwezi wa kwanza, katikati ya baridi, ardhi imeganda hadi chini. Bwana Hallam hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mtu wa kubishana na barafu. Alisema kichwa, moyo na kwato, akaingia ndani kwenye moto wake. Baba aliondoka nyumbani asubuhi amevaa koti lake la harusi, koti la wanamaji la rangi ya bluu nzito, lenye vifungo vya shaba vilivyochongwa nanga, alilolinunua kwenye duka la mitumba baada ya vita. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Mama alimwambia, "Elzie, koti hilo unakwenda nalo kuchimba?" Akatoka. Wenzake wa shamba aliwafukuza, akasema kaburi hilo ni lake.

Alirudi kesho yake, shati tu mwilini, mikono imechanika. Akakaa mezani. Mama akamuuliza imekuwaje.

"Nimemzika mzima," akasema. "Toka pua hadi mkia."

"Na koti liko wapi?"

"Limepotea."

Koti halipotei hivi hivi kwa mtu aliyekuwa peke yake shambani. Mama aliamini amelibadilisha kwa chupa ya wiski, na kwa kuwa baba hakujitetea, aliamini hivyo mpaka alipokufa yeye mwenyewe. Ndoa yao iliendelea, ila koti lilikuwa katikati yao kila walipogombana, hata ugomvi uwe juu ya chumvi.

Hilo la koti lilikuwa la nyumbani. La farasi lilikuwa la mji mzima, na aliyelibeba ni Cleophus Gaines. Cleo alikuwa mfupi, mwepesi, mdomo mpana, na ndiye aliyempanda Reuben mazoezini kila alfajiri kwa miaka yote ile ya mbio. Yeye na baba walikula sahani moja. Lakini Reuben alipokufa, Cleo alikuwa Florida na farasi wengine wa Bwana Hallam, kwenye mbio za kipupwe. Alirudi majira ya kuchipua maua, akasikia habari ya pua hadi mkia, na kuanzia siku hiyo hakumwacha baba apumue.

"Jamani, Pua-Hadi-Mkia ameingia!" alikuwa akipiga kelele kwa kinyozi. "Mpisheni kiti, msije mkamkanyaga mkia!"

Watu wanacheka. Baba anakaa.

"Elzie, hebu tuambie tena. Ardhi ilikuwa jiwe, si ndiyo? Ulichimbia nini, kijiko cha uji?"

"Niliichimba."

"Peke yako! Shimo la kuingia basi zima la abiria, na wewe unashindwa kubeba mfuko wa viazi wa mkeo! Bwana wee, apa basi. Apa kwa huyu mtoto wako."

Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimetumwa kumwita. Baba alinitazama, akachukua kofia yake, akatoka. Hakuapa. Hakurudi tena kwa kinyozi. Mama alimkata nywele nyumbani, tena kwa mkasi wa kitambaa, na ikaonekana. Na mimi moyoni nilianza kujiuliza kwa nini hakuapa.

Baba alipofariki, Cleo alikuja kanisani. Alisimama mbele ya jeneza, akasema, si kwa sauti kubwa lakini watu wa viti vya mbele tulisikia, "Angalau wewe tunakuzika mzima, Elzie." Mtu mmoja akacheka. Nilimwambia Cleophus Gaines pale pale, mbele ya mchungaji, kwamba nikimwona tena nitamtia bakora, na nilimaanisha.

Miaka ikaenda. Warithi wa Hallam wakauza shamba, yajengwe maduka na maegesho. Makaburi ya farasi yakatakiwa kuhamishwa kwenye makaburi mengine ya mabingwa, upande wa Paris, mji wa hapa hapa Kentucky, na msimamizi wa huko, Bi Sutherland, akanipigia simu.

"Bi Maupin," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "kuna jambo nashindwa kulipata kwa mtu mwingine. Tall Reuben. Nina sanduku dogo na nina sanduku kubwa. Nije na lipi?"

Nilikaa kitandani na simu sikioni. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtetea baba mbele za watu kwa mdomo mkali, na ndani yangu sikuwa na hakika hata kidogo. Sasa wangefukua, na ingejulikana. Kama angekuwa mzima, mji mzima ungemwomba baba msamaha kaburini kwake. Kama sivyo, basi alikuwa amedanganya mke wake, mtoto wake na rafiki yake, kwa miaka, usoni, bila kukonyeza. Nilitamani kumwambia yule mama aache tu, aje achukue jiwe la juu na farasi abaki chini ya maegesho.

"Lete yote mawili," nikamwambia.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nne, miti ya uzio imejaa maua ya rangi ya waridi. Nilishangaa umati. Langoni walisimama watu labda mia, wengine wamevaa njano na nyeusi, rangi za Hallam, vijana ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa Reuben alipokimbia. Kampuni haikuwaruhusu kuingia. Tulioruhusiwa tulikuwa wanne: Bi Sutherland, Dwight wa kuendesha mashine, mimi, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya jiwe, amevaa suti, fimbo katikati ya magoti. Nilimjua kwa mdomo kabla sijaiona sura yake.

"Binti Elzie," akasema. "Bakora yangu umekuja nayo?"

"Ninayo garini, Mzee Gaines. Usiniharakishe."

"Umezeeka."

"Na wewe ulipaswa kuwa umekufa."

"Najitahidi," akasema. "Lakini nataka kuona hili kwanza."

Nilisimama upande wa pili wa kaburi, mbali naye.

Dwight alitoa udongo wa juu kwa mashine, kisha akashuka na koleo, na Bi Sutherland akashuka na mwiko na brashi. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, mwekundu, unang'ang'ania. Fuvu lilitokea upesi. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea, limelala kwa ubavu kama wanavyolala kwenye majani, meno yote yapo. Dwight akavua kofia bila kuambiwa. Mimi niliyemchukia farasi huyo nilijikuta nimeshika kifua.

"Basi shingo inapaswa kuanzia hapa," Bi Sutherland akasema, akaanza kukwangua taratibu.

Akakwangua. Dwight akapanua upande wa kulia, akapanua wa kushoto. Udongo tu. Walipata mifupa midogo minne ya kwato, imepangwa pamoja vizuri, miwili mbele na miwili nyuma, katika nafasi ambayo ungeweza kuifunika kwa taulo. Shimo lenyewe la zamani lilionekana wazi ukutani mwa udongo, lilikuwa dogo, kingo zake zimechongwa vipandevipande. Mbavu hakuna. Mgongo hakuna. Mkia hakuna.

Damu ilinipanda kichwani kwa hasira, hasira ya miaka yote. Niliwaza mama na ule mkasi wa kitambaa. Niliwaza jinsi nilivyomfokea kila mtu kwa ajili yake. Nilisubiri Cleo acheke, na nilijua akicheka sitakuwa na la kumjibu.

Cleo hakucheka.

"Subirini," Bi Sutherland akasema. "Hapa kuna kitu cha shaba."

Kati ya fuvu na kwato, chini kidogo, alisafisha kifungo. Kisha cha pili. Vilikuwa sita, katika safu mbili, na kuzunguka kila kimoja kulikuwa na kipande cha kitambaa kizito kilichogeuka cheusi. Alivipulizia vumbi. Nanga ilionekana hata kutoka pale juu nilipokuwa nimesimama.

"Ni nguo," akasema. "Koti, nadhani. Ajabu, vifungo vimefungwa, kila kimoja kimepita kwenye tundu lake. Lakini ndani yake hamna kitu."

"Kilikuwemo," Cleo akasema.

Sote tukamgeukia. Alikuwa amesimama, sijui kwa nguvu gani.

"Kilikuwemo, dada. Moyo hauna mfupa."

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi, na gauni langu zuri. Koti la harusi. Alikuwa ameuzungushia moyo wa yule farasi koti lake la harusi, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja kwa vidole vilivyochanika, kama mtu anayemvalisha mtoto kwenda shule kwenye baridi. Kisha akaja nyumbani na shati, akamwacha mama aamini ni wiski. Nililia kwa sauti. Nilimlilia baba kuliko nilivyolia siku ya mazishi yake, maana siku ile nilikuwa na hasira na Cleo na hasira haikunipa nafasi.

Cleo alizunguka kaburi kwa fimbo yake, akaja akasimama karibu yangu.

"Nilimpigia simu," akasema. "Kutoka Florida. Nilipiga dukani kwa Tolliver, wakaenda kumwita. Nilikuwa nalia, sijifichi, nilikuwa nalia kama mtoto. Nikamwambia, Elzie, usiwaache wamkate. Nakuomba. Usiwaache wamguse kwa kisu. Akaniambia, sawa, Cleo. Hakuna atakayemgusa."

"Hujawahi kusema hilo."

"Ningemwambia nani? Nilirudi, nikamuuliza, akaniangalia machoni akasema mzima. Na mimi nilijua baridi ya mwaka ule, nilijua haiwezekani. Nilitaka kuamini, nikashindwa. Nikawa namchokoza. Nilidhani siku moja atachoka, atakasirika, atanishika shati anikokote mpaka hapa aseme chimba basi uone! Hakufanya hivyo. Sasa najua kwa nini." Akafuta pua kwa kiganja. "Alikuwa ananifichia mimi. Na mimi nikamtangaza mji mzima."

Nilimwangalia tu, mzee mfupi kwenye suti iliyompwaya, na bakora niliyomwekea akilini kwa miaka nisijue nimeiweka wapi.

Bi Sutherland alipanda kutoka shimoni, magoti mekundu. "Poleni sana," akasema. "Basi... nadhani ni sanduku dogo."

"Kubwa," Cleo akasema.

"Mzee wangu, vyote hivi vinaingia kwenye—"

"Dada, nimesema kubwa."

Dwight alisimama na koleo lake, akaniangalia mimi. Alielewa kabla ya Bi Sutherland kwamba neno la mwisho lilikuwa langu. Langoni watu walikuwa wameanza kuimba kitu, sikuweza kusikia vizuri nini. Ningeweza kusema dogo. Ukweli ungejulikana, na baba angekuwa mwongo kwa ushahidi, mwongo mwenye sababu nzuri, lakini mwongo. Na kila siku kwa kinyozi wangeeleza sababu hiyo vibaya.

"Dwight, mwanangu," nikasema, "lete lile kubwa. Tandika chini mifupa aliyoizika, hivyo hivyo alivyoipanga. Na koti usilifungue. Halafu chukua udongo wote wa hapo katikati utie juu, mpaka lijae. Moyo wake umo humo, hatuwezi kuuacha chini ya maduka."

Bi Sutherland alitutazama sote wawili. Kisha akaokota mwiko wake.

"Udongo wa kaburi huwa tunahamisha," akasema. "Ni kawaida kabisa."

Alinipa kifungo kimoja kilichokuwa kimejitenga na kitambaa, nikakishika kiganjani. Kilikuwa cha baridi na kizito. Nilitaka kwenda nacho kwenye kaburi la mama, nimwonyeshe. Nilikaa nacho kidogo, halafu nikamrudishia, kwa sababu baba alikuwa amekifunga na hakutaka kifunguliwe. Mama nitamweleza kwa mdomo.

Sanduku lilipopandishwa kwenye lori, matairi yalishuka kwa uzito. Lori lilitoka polepole, na mimi na Cleo tukalifuata kwa miguu, yeye amenishika mkono, maana fimbo yake ilikuwa inazama kwenye udongo laini. Lango lilipofunguliwa watu waliliona sanduku, urefu wake na upana wake, na kelele zikakoma. Mwanamume wa mbele akavua kofia. Kisha wote. Vijana wasio na kofia waliinamisha vichwa, na mama mmoja aliyembeba mtoto alimgeuza mtoto aone. Lori likapita katikati yao.

Likiisha kupita, bwana mmoja wa makamo, amevaa njano na nyeusi, alimsogelea Cleo kwa adabu.

"Samahani, mzee. Nyinyi mlikuwa ndani. Ni kweli waliyokuwa wakisema? Alikuwa mzima?"

Cleo aliinua kidevu. Nilihisi vidole vyake vikibana mkono wangu.

"Toka pua hadi mkia," akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya kwa kinyozi, ili wa nyuma wasikie. "Nimemwona kwa macho yangu haya. Elzie Maupin alisema mzima, na alikuwa mzima, na anayebisha anifuate mimi."

Minong'ono ikaenda kwenye umati. Bwana yule aliitikia kwa kichwa kwa furaha, macho yamelowa, kisha akanigeukia.

"Na wewe, mama? Wewe ni nani wake?"

Kofia sikuwa nayo, nilikuwa na kitambaa cha kichwani. Nikakivua.

"Mimi ni binti wa aliyemzika," nikasema.